Onja Wewe Kwanza

Kichwa changu kiliuma upande wa kushoto, kuanzia nyuma ya jicho. Nalitaja hili mapema kwa sababu katika habari hii nzima ndilo jambo pekee nililo na uhakika nalo. Mengine nimeyageuzageuza kwa miaka mingi, ndani ya mabasi na katika vyumba vya kupanga vya miji ambayo sikukaa sana, na kila nikidhani nimeyashika yananiponyoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sikuchaguliwa kuendelea, na kukaa sikuweza. Zilikuwa enzi za ruksa. Vitu tulivyovipangia foleni utotoni, sabuni, sukari, doti za khanga, sasa vilikuwa vimemwagwa kando ya barabara pale Masasi, na aliyevihitaji alichagua rangi. Nilinunua nguo za mitumba Masasi, nikapanda nazo mlima kwa lori hadi Newala kwa mama, kisha nikatembea vijijini na fuko kichwani: Mkunya, Mnyambe, na nikirudi kuchukua mzigo mwingine nilipitia Chiwata. Chini ya fuko niliweka ngata ya khanga kuukuu ya mama. Niliipenda kazi ile. Nilipenda kufika mahali ambapo hawakunitegemea, na kuondoka kabla hawajanizoea.

Nguo hazikuuzika kila siku. Katikati ya mwaka, wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, watu hawakuwa na haja ya mashati. Walitoka shambani macho mekundu, vitambaa vyenye unga wa njano vikiwaning'inia shingoni, na walichotaka ni vidonge vya kichwa. Zamani vidonge hivyo vilitoka zahanati, vimefungwa katika kipande cha gazeti. Sasa vilikuja madukani katika karatasi za kung'aa, kila kimoja katika kitundu chake. Nikavitia kwenye fuko.

Siku ya kwanza, Mkunya, mwanamume mmoja aliyetoka kwenye salfa alikigeuza kidonge kiganjani kama anayechunguza korosho mbovu.

"Hivi si vile vya zahanati."

"Ndivyo vilevile, baba. Kilichobadilika ni karatasi tu."

"Haya. Onja wewe kwanza."

Watu walicheka, lakini hakuwa anatania, nami sikushangaa. Kwetu mtu hapewi maji kabla mwenye nyumba hajapiga funda moja mbele yake. Togwa, uji, hata dawa ya mizizi, anayekupa huonja kwanza, unamwona akimeza, ndipo unapokea. Ni adabu, na inamwondolea mgeni wasiwasi. Basi nikabandua kidonge, nikakimeza kikavu. Yule bwana akangoja kidogo kuona kama nitaanguka, kisha akanunua, na majirani zake wakanunua.

Ikawa ndiyo desturi yangu. Nilifika uani, nikaamkia, nikatua fuko, na wakitaka vidonge nikaonja. Nyumba iliyofuata haikuwa imeniona nikionja, kwa hiyo nikaonja tena.

Lini hasa kichwa kilianza, siwezi kusema. Nadhani kabla salfa haijaisha. Kwanza kilikuja alasiri na kuondoka. Baadaye niliamka nacho. Jua la njiani liliniingia jichoni kama mchanga, na mara mbili nilitua fuko vichakani nikatapika. Nikifika kijijini nikauza, kikapoa. Kwa hiyo niliamini kwamba kazi inanisaidia. Nikizikumbuka siku hizo najionea aibu, lakini ndivyo nilivyoelewa: nikiwa na wateja, napona.

Nilikwenda hospitali, huko chini Masasi. Tabibu alikuwa kijana mpole. Alinitazama macho, akapima damu, malaria haikuonekana.

"Unabeba mizigo kichwani?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Dawa gani unatumia?"

"Vidonge vya kawaida, kikinizidi."

"Vingapi kwa siku?"

"Kimoja, jioni. Siku mbaya viwili."

Akaandika. Sikumdanganya, na hilo nataka lieleweke. Vile vya kuonja havikunijia akilini hata kidogo. Vile vilikuwa biashara. Mpishi aliyeonja mchuzi jikoni hasemi kwamba amekula. Tabibu akaniambia nipunguze mizigo, akaniandikia vidonge vya kichwa. Nilipovipokea dirishani nikaona ni ndugu wa vile nilivyokuwa navyo kwenye fuko.

Nikapanda Newala kwa mama nikiwa nimejifunika khanga usoni. Waliompita mama njiani na kumwita kwa jina langu, kama ilivyo desturi, walimuuliza kwa sauti ya chini ni nini kimempata mwanawe. Mama akamwita kaka yake.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Alikuja asubuhi, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kichwa hakijambo?"

"Hakijambo kiasi."

"Kichwa hakina kiasi. Kinauma au hakiumi?"

"Kinauma."

Akamgeukia mama. "Huyu ana jina la mama yetu. Kichwa cha jina hilo kilibeba maji."

Nilikuwa naijua habari hiyo. Bibi aliishi miaka ambayo maji ya Newala yalikuwa bondeni, chini ya ukingo wa mlima. Wanawake walishuka alfajiri wakapanda na mitungi jua likiwa kali. Watu walisema bibi hakuwahi kwenda mbali kuliko kile kisima cha bondeni, na hakutamani.

"Kilibeba maji ya nyumbani," mjomba akaendelea. "Wewe umekitwika kafa ulaya. Suruali za watu waliokufa, wasiojulikana hata walizikwa wapi. Unapita nazo katika kila kijiji. Bibi yako atanyamaza?"

"Mjomba, wanaofanya kazi hii ni wengi."

"Wana jina lake?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na vyote viwili viliniumiza jicho.

Jioni ile ile alikwenda kwenye kaburi la bibi na unga wa mtama, mama na mimi nyuma yake. Alianza kwa bismillahi, kisha akasema na bibi kama mtu anavyosema na mama yake aliyekasirika, huku akiuachia unga uteremke kutoka kiganjani ukajenga kichuguu chembamba. Akakifunika kwa chungu. Asubuhi tukarudi kufunua. Kikikutwa kimesimama, amekubali. Kikikutwa kimemomonyoka, amekataa.

Hakikuwa kimesimama wala hakikuwa kimemomonyoka. Kilikuwa kimeelemea upande mmoja, upande wa barabara ya Masasi.

"Amekataa njia," mjomba akasema.

"Mbona kimeelekea njiani?" mama akauliza. "Huenda anamsindikiza."

"Dada yangu, wewe hasa unataka nini?"

Mpaka leo sijui mama alitaka nini. Labda alitaka kunisikia nikijibu mimi. Nilijua ninachotaka: kuondoka. Lakini kama kichwa kilikuwa cha njia, kila safari ingekuwa ni kujiua kidogokidogo, na kama hakikuwa cha njia, basi nilikuwa nakaa bure. Hayo mawili yalinizunguka pale makaburini, na sikuona namna ya kuyatenganisha.

Mjomba akaamua nikae mpaka korosho ziishe kuokotwa. Mama akalipandisha fuko darini, vidonge vikiwa ndani yake. "Mgonjwa hafanyi biashara," akasema.

Siku nne za mwanzo nilidhani ninakufa. Nililala na kitambaa chenye maji usoni, nikitapika hata mate. Mama alikuwa akikaa miguuni pangu na kuniuliza kama niletewe kidonge, mimi nikakataa, kwa sababu nilidhani bibi ananiadhibu na nilitaka amalize. Siku ya sita nikala. Baada ya hapo, sijui siku ya ngapi, niliamka nikasikia jogoo, na alikuwa jogoo tu. Sauti yake iliishia sikioni, haikuingia ndani zaidi. Nilikaa kitandani nikimsikiliza awike tena.

Kichwa hakikurudi. Niliokota korosho na mama wiki baada ya wiki, nikatenga mabibo na mbegu, na vidole vikanuka sukari iliyochacha. Mjomba alikuwa akipita.

"Kichwa?"

"Hakipo, mjomba."

"Hakipo kwa sababu wewe upo."

Alikuwa na furaha ya kweli, na nilishindwa kumchukia. Lakini kila lori lilipopiga honi likishuka mlima nilisimama, ndoo mkononi, nikalisikiliza mpaka likapotea. Nilikuwa mzima, na sikuwa na mahali pa kuupeleka uzima wenyewe.

Korosho zilipoisha nikamwamkia mjomba, nikamwambia nataka kujaribu. Hakunikataza. Alitazama chini akasema, "Utarudi." Sikuelewa kama ni laana au ni matumaini.

Nikatoka. Mkunya walinipokea kwa kelele, dada wa mitumba kafufuka! Niliuza, nikaonja, nikauza. Siku za mwanzo nilitembea kama mtu aliyetoka kifungoni. Kabla ya wiki ya pili kwisha, nikiwa Mnyambe, jicho la kushoto likaanza kupiga.

Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta, nimekishika kichwa kwa mikono miwili, nikiamini kwamba bibi amenifuata na mambo yangu yameisha. Wanawake walikuwa wakichambua nguo mbele yangu. Mmoja, mwembamba, mwenye sauti kubwa, aliyekuwa na gauni la mtoto mkononi, akanitazama.

"Dada, dawa ya kichwa unauza wewe, na kichwa kinakuuma wewe?"

Wenzake wakacheka.

"Ndiyo bahati yangu," nikasema. "Mnavitaka vidonge?"

"Tunavitaka. Ila leo usionje, nakuhurumia. Sisi tunameza kimoja, salfa ikituzidi. Wewe umemeza vya Mnyambe, juzi umemeza vya Mkunya, kesho utameza vya wapi? Unaumwa kwa niaba ya wilaya nzima!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka, kwa adabu, maana mchuuzi hanuni mbele ya wateja. Lakini nilipojitwika fuko na kuingia njiani nilianza kuzihesabu nyumba nilizoonja tangu asubuhi. Nilifika ya saba nikasimama. Nikaongeza kile cha jioni. Nikasimama zaidi. Kumbe mchuzi wote alikuwa ameumaliza mpishi.

Sikwenda kijiji kingine. Nilirudi Newala, nikavimwaga vidonge chooni kwa mama, vyote, na karatasi zake. Kisha nikalala. Safari hii nilijua kinachokuja, na kikaja kilevile: siku nne, kitambaa cha maji, matapishi. Siku ya sita nikala.

"Mama," nikamwambia, "hakuwa bibi. Ni vidonge."

"Nani kakwambia?"

"Mwanamke mmoja wa Mnyambe. Alikuwa anatania tu."

Mama alikuwa anamenya muhogo. Alimaliza mmoja, akachukua mwingine.

"Na huyo mwanamke alitumwa na nani?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Siku uliyoondoka, mjomba wako alikwenda tena kule kaburini na unga. Hakutaka ujue. Alimwomba bibi yako akufungulie njia, kama huwezi kukaa. Asubuhi kichuguu kilikuwa kimesimama vizuri kabisa."

Nilikaa na maneno hayo, na bado nimekaa nayo. Miaka mingi baadaye, katika mji mwingine, mama mmoja wa duka la dawa aliniambia kwamba kichwa huvizoea vidonge kikavidai, kwamba ameona wengi. Nilimwamini. Tangu wakati ule kikinishika, mara moja au mbili kwa mwaka, nalala na kitambaa cha maji mpaka kipite, nikihitaji kidonge nauliza kwanza, na kila ninachomeza nakihesabu. Lakini kwa nini nilikaa siku zote zile bila mimi mwenyewe kuhesabu, na kwa nini nilihesabu siku ile, baada ya unga ule, hilo mama wa duka hakuwa na namna ya kuniambia.

Wiki iliyofuata mazungumzo yale na mama niliondoka tena, na fuko la nguo tu. Mjomba alikuja kuagana nami. Aliulizia kichwa, nikamwambia hakipo, naye safari hii hakuongeza neno. Mama alichota maji mtungini. Alipiga funda moja, taratibu, akinitazama ili nione anavyomeza, kisha akanipa kata kwa mikono miwili. Nikayanywa yote. Nikaiweka ngata kichwani, nikainama, na wao wawili wakanitwika.