Kopo la Vidonge la Pacha

Fundi alimtangulia pacha wake duniani kwa nusu saa, na nusu saa hiyo ilimkaa rohoni kama mwiba. Alikuwa mshonaji wa magauni. Chumbani kwake mlikuwa na cherehani mbili, benchi la wateja na kioo kirefu. Nguo za pacha wake hakuzipimia utepe. Alizijaribu mwilini mwake mwenyewe, kwa kuwa tangu usichana mwili wa mmoja ulikuwa kipimo cha mwingine.

Pacha huyo, karani wa posta aliyestaafu, aliitwa Kipusa, na hata alipokaribia miaka sitini jina hilo halikumpwaya.

Siku moja mteja mgeni alimkuta Kipusa amekaa benchini.

"Mama, binti yako kafanana nawe kweli," akamwambia Fundi.

Kipusa alicheka hadi akashika mbavu. Alipofungua mkoba atoe leso ya kufutia machozi, kopo la plastiki likaanguka, likalia kachakacha. Lilikuwa na picha ya karoti na maneno: *Vitamini za kupambana na uzee.*

"Kumbe!" Fundi akajisemea. "Mwenzangu anakula ujana kwa kificho."

Ilibaki miezi sita watimize sitini. Siku hiyo wangepigwa picha pamoja, wamevaa magauni meupe ya kufanana. Fundi aliapa kwamba safari hii hakuna atakayeuliza nani mama, nani mwana.

Alinunua vidonge vilevile. Kopo lilisema kimoja kwa siku. Yeye akameza vinne, apate kumpita mdogo wake. Kila asubuhi alijitazama kiooni. Makunyanzi yalikuwa palepale, kama wapangaji waliogoma kuhama.

Mwezi wa tano tangu aanze kumeza, alikuwa akimwonyesha Kipusa kitambaa cheupe, mara Kipusa akaruka.

"Dada, usikiguse! Umeshika manjano?"

Fundi alitazama viganja vyake. Vilikuwa vimeiva rangi kama ganda la chungwa. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa ndimu, wapi!

Daktari wa zahanati alimkagua macho, akampima damu, kisha akauliza anatumia dawa gani.

"Vidonge vya vitamini. Vinne kila siku."

"Nani kakuandikia?"

"Wivu, daktari."

Daktari alijizuia kucheka. "Hiyo ni rangi ya karoti tu, ukiacha itaondoka. Lakini usidhani vidonge hivi vinaongeza umri. Watafiti wamewafuatilia maelfu ya watu, wengine wakimeza vitamini kama hizi, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa. Waliomeza hawakuishi zaidi. Kwa baadhi ya aina, tena kwa vipimo vikubwa, vifo vilionekana hata kuzidi kidogo. Wavuta sigara ndio wasiviguse kabisa hivi vya rangi ya karoti. Kama huna upungufu, kula matunda na mboga."

"Mbona pacha wangu vinamkubali?"

"Una hakika anavimeza?"

Kesho yake Fundi akamdai Kipusa kopo lile. Kipusa aliukumbatia mkoba, akaona haya, mwishowe akalitoa kopo, akalifungua na kulimimina mezani. Vilitoka vifungo: vyeupe, vyeusi, vya bluu.

"Vidonge nilimeza viwili, vikanichefua, nikavitupa. Hivi ni vya magauni yako, dada. Kila nikikaa, kimoja kinaruka. Mimi nimenenepa, wewe bado una kiuno cha usichana. Nitasemaje? Nilikuwa nakuonea kijicho!"

Fundi aliviangalia vifungo vile kimoja kimoja, na moyo wake ukapoa kama chai iliyosahauliwa. Kisha akatwaa utepe, akamzungushia mdogo wake kiunoni kwa mara ya kwanza.

"Inchi nne zaidi yangu," akasema. Akarudia kwa sauti, wateja wa benchini wasikie: "Nne!"

"Basi, dada, wamesikia!"

Picha ilipigwa. Kipusa anaonekana kijana kama kawaida yake. Fundi kaficha viganja nyuma ya mgongo, lakini kiunoni kajifunga mkanda mwembamba, kaukaza barabara. Gauni la mwenzake hakulishonea mkanda.