Kidoa Nyuma ya Sikio la Wifi

Hebu mwone kwanza akiwasili. Mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwili umejaa vizuri, anapanda ngazi za saluni saa mbili asubuhi. Simu ameibana kati ya sikio na bega, funguo zinaning'inia kidoleni, mkono wa pili umebeba mfuko wa nywele za bandia. Hujamwona sura bado, lakini sauti umeshaipata.

"Kaolewa tena, jamani! Mara ya nne! Harusi ni ile ile, ukumbi ule ule, mpaka keki ile ile. Mgeni ni bwana harusi tu!"

Salamu hufuata baadaye. Ndiyo maana wateja walimwita Redio, naye aliitika bila kununa.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu: viti vitatu, sinki la kuoshea nywele linalovuja upande mmoja, kioo kirefu, na runinga ukutani iliyozimwa sauti. Sauti ya nini, na Redio yupo? Kusuka mistari midogo ni kazi ya saa nne au tano, na ngozi ya kichwa huwaka moto. Redio aligundua mapema kwamba mteja anayecheka hasikii akivutwa. Basi akawa anawatumbuiza kwa watu wanaovuma. Kulikuwa na mwanamuziki aliyetangaza kustaafu mara tatu, kila mara wiki moja kabla ya kutoa albamu. Kulikuwa na Mheshimiwa aliyenaswa na kamera akikoroma bungeni wakati hoja yake mwenyewe ikisomwa. "Msimlaumu," Redio alimtetea. "Mnajua ile hoja ilivyoandikwa? Hata mimi ningelala." Na mchezaji mpira aliyekosa penalti akasingizia viatu vipya. "Viatu? Kwani goli lilikuwa saizi ngapi?"

Watu walivuka mitaa kumfuata. Wengine nywele hazikuwa hata na haja ya kusukwa.

Miongoni mwa waliokuja bila kukosa alikuwemo wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa hesabu. Mtu wa maneno machache, sketi imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Hakuolewa, aliishi peke yake, chumba na sebule nyuma ya shule. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikaa kiti cha dirishani, akafunga macho, akamwambia Redio, "Haya wifi, fungulia."

Mwalimu huyu alikuwa na udhaifu mmoja. Alimpenda mwimbaji mmoja ambaye Redio alimpachika jina la Mama Kwikwi, kwa sababu hakuna wimbo aliowahi kuumaliza bila kulia. Mtu anayewachapa watoto maswali ya sehemu na desimali, akirudi nyumbani anafuta machozi kwa ajili ya mwanamke asiyemjua! Redio alimtania hadi akachoka.

"Wifi, yule analipwa kulia. Wewe unalia bure."

"Niache na raha zangu. Wewe si unaye Mheshimiwa wako anayekoroma?"

Sasa sikiliza jambo lilipoanzia. Ilikuwa mwaka jana, siku shule zilipofungwa. Redio alikuwa akigawa nywele za wifi kwa mkia wa chanuo, na nyuma ya sikio la kushoto, juu kidogo ya shingo, akakuta kidoa. Cheusi, kipana kama punje ya mtama, kingo zake zimechanika-chanika kama karatasi iliyoungua. Msusi huona vichwa kuliko daktari. Redio alikuwa ameona mba, mapunye, makovu ya dawa za kunyoosha nywele, hata jeraha ambalo mwenye nalo alisema ni la kabati, kumbe ni la mume. Hiki hakuwahi kukiona. Vidole vikasita.

"Wifi, una kitu hapa."

"Kitu gani?"

"Kidoa. Kinauma?"

"Hata sijui kama kipo. Kimekaaje?"

Hapo ndipo angesema maneno mawili tu: nenda hospitali. Yalikuwa yameshafika mdomoni. Lakini saluni ilikuwa imejaa, wanawake sita wamenyamaza wakisubiri, na wiki ile ile Mama Kwikwi alikuwa amejirekodi akionyesha picha yake ya zamani yenye doa shingoni, jeusi kama hilo, akidai alilipaka mafuta ya kitunguu saumu na mshubiri kwa miezi sita likaisha lote. Nchi nzima ilikuwa imetazama. Redio hakuweza kuiacha nafasi kama hiyo. Akajifunga kitambaa kichwani, akashika chupa ya shampuu kama kipaza sauti, akaanza kulia: "Wapenzi wangu, kwi, kwi, doa lilikuwa, kwi, kubwa kama sahani!"

Saluni ikaangua kicheko. Mmoja aliporomoka kutoka kwenye kiti. Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akainamia magoti, kichwa nusu kimesukwa.

"Basi ni ugonjwa wa mastaa," mwalimu akasema akijifuta macho. "Nipake na mimi."

"Niachie mimi, wifi. Nitakupaka kila mwezi."

Na akampaka kweli. Alichanganya mafuta yale nyumbani, akayaweka kwenye kichupa, akawa anayapaka kabla ya kusuka, na kila mara akirudia kilio cha Mama Kwikwi. Mwezi wa tatu wa kupaka, kidoa kilikuwa kama harage. Mwezi wa tano kilianza kutoa maji. Redio akaacha kukiigizia. Akainama akamnong'oneza, "Wifi, twende kwa daktari." Mwalimu akajibu, "Mama Kwikwi alisema miezi sita, na si wewe mwenyewe uliyerudia kila tulipokaa hapa? Tumalize dozi." Kisha akaomba asukwe mtindo unaoshuka upande ule, walimu wenzake wasione. Redio akasuka. Alikuwa fundi; alipomaliza, hata wewe ungemzunguka mara tatu usione kitu.

Mwezi wa sita ulipita, na wa saba, na wa nane; kila mara mwalimu alisema bado kidogo, na Redio akapaka.

Mwezi wa tisa, asubuhi ya Jumanne, Mama Kwikwi alikuwa kwenye runinga akihojiwa. Mteja mmoja akaomba sauti iongezwe. Mtangazaji alimuuliza kuhusu lile doa maarufu, na mwimbaji akacheka, mara hii bila chozi hata moja. "Ilikuwa wanja, jamani! Tulikuwa tunatangaza mafuta."

Saluni ililipuka kwa kicheko. Wote wakageuka kumtazama Redio, wakingoja atoe lake. Redio alikuwa ameshika sega, mdomo wazi.  Akaliweka sega kwenye sinki, akashuka ngazi akiwa na aproni, akaenda kwa miguu hadi shuleni.

Alimkuta wifi yake mbele ya darasa, vidole vyeupe kwa chaki, kachora pembetatu. Wakasimama mlangoni.

"Wifi, ilikuwa wanja."

"Nini?"

"Doa la Mama Kwikwi. Alilichora kwa wanja."

Mwalimu alitazama chaki yake. "Aa," alisema. Kisha akageuka akawaambia watoto wafungue ukurasa wa arobaini na mbili.

Hospitali waliambiwa ni saratani ya ngozi. Ilikuwa imeshashuka kwenye matezi ya shingo, na picha zilionyesha imefika mapafuni. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililomuumiza Redio zaidi. "Mngekuja mwaka jana," alisema, "tungekata, tukashona nyuzi tatu, mkaenda nyumbani."

Jioni ile mume wa Redio, kaka wa mgonjwa, alisimama pembeni ya kitanda cha wodini, mikono haijui pa kukaa. Si mtu wa kufoka. Aliuliza polepole, na aliyemuuliza ni mkewe.

"Wewe ndiye unayeshika kichwa chake kila mwezi. Hukuona?"

Redio alifungua mdomo. Mgonjwa akamtangulia.

"Hakuona, kaka. Mimi nilikuwa nakificha. Nilimkataza asiguse upande ule, nikasema nina kipele."

"Kwa nini ufiche?"

"Woga. Basi."

Mume alimwamini dada yake, kama alivyomwamini tangu utotoni. Alimshika mkewe begani, akamwambia, "Pole, mama watoto." Ile pole ilimwingia Redio kama maji ya moto.

Wiki mbili baadaye, kabla ya matibabu yatakayong'oa nywele, mwalimu alisema hataki kunyolewa na mtu mwingine. Redio akaja wodini na beseni, taulo na wembe. Alifumua mistari mmoja mmoja. Safari hii uvimbe ulikuwa umekaa waziwazi, mkubwa kama limau.

"Vipi, umeme umekatika?" mgonjwa akauliza. "Redio mbona haina sauti?"

"Wifi, niache nimwambie kaka yako."

"Umwambie nini?"

"Kwamba niliona. Kwamba nilipaka. Kwamba nilikuchekesha mpaka ukasahau."

"Ukimwambia atakufukuza, au atakaa na wewe bila kukusemesha. Namjua. Halafu nani atakuja hapa Jumamosi? Nitakufa nikisikiliza mashine? Huko kuungama kwako ni kwa kukusaidia wewe. Mimi nataka habari. Yule wa bungeni kafanya nini?"

Redio akakishika kichwa vizuri. Akapitisha wembe. "Kaumbuka," alisema. "Wamempandisha jukwaani kuzindua daraja, akakata utepe, akakata na tai yake mwenyewe."

Mwalimu akacheka. Kilikuwa kicheko chembamba, kikaishia kwenye kikohozi kirefu, lakini kilitoka. Akainua mkono. "Endelea."

Redio aliendelea. Alimpa harusi ya tano iliyokuwa njiani, akampa mwanamuziki aliyestaafu kwa mara ya nne. Nywele zilianguka kwenye beseni, na kichwa kikabaki kidogo, kama cha mtoto. Alimfunga kitambaa, akamlaza, akatoka na beseni.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Alikuwa amefika punde na kusikia kicheko tu mlangoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Asante," alimwambia. "Hakuna binadamu aliyemtunza dada yangu kama wewe."

Redio alisimama pale na beseni mikononi, mlango nyuma yake haujafungwa vizuri, mgonjwa akiwa anasikia kila neno. Mume alikuwa akimtazama, akisubiri angalau aseme 'haya'.

Ungekuwa wewe umesimama pale, ungemjibu nini?