Kanga Kinuni

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, kule juu milimani Uluguru, hakuna nililokatazwa kwa ukali kama kutwanga kinu kitupu. Bibi, mzaa mama, alisema mchi ukigonga kinu kisicho na kitu unaita kifo kije nyumbani. Niliamini, pamoja na madrasa yote niliyosoma.

Mwaka huo mvua zilitutupa mkono. Mama alikuwa kitandani hajiwezi. Pale alipolala aliweza kutambua anayetwanga ng'ambo ya bonde kwa mapigo tu: huyu jirani fulani, yule binti ndiyo kwanza anajifunza. Kwetu akasikia kimya. Akajua mahindi yamekwisha, akagoma kunywa uji. Akasema unga kidogo uliobaki tupikiwe sisi watoto. Bibi alimbembeleza mpaka akachoka.

Alasiri moja nilimkuta Bibi uani anakunja kanga yake. Akaitandika ndani ya kinu, hamna hata punje, akashika mchi akaanza. Nilimng'ang'ania mkono nikilia.

"Bibi, utamuua mama."

"Nyamaza, mjukuu wangu. Chukua ungo, tia mchanga, upepete."

Nikapepeta. Kwangu ile ilikuwa kelele ya kuita mauti, basi. Lakini Bibi alitwanga kama mwenye debe zima: anapiga, anagusa ukingo, anaguna kidogo, anatua kama anayegeuza punje kwa mkono, anaanza tena. Kisha akanituma nipeleke ndani kikombe cha uji, ndio wa mwisho.

Mama alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Akanywa wote. Halafu akaniambia taratibu:

"Mwambie bibi yako yamelainika. Apumzike sasa, mikono itamuuma."

Alifariki kabla hatujavuna. Nami nikamchukia Bibi. Shikamoo nilimpa ya mdomoni tu, mpaka naye akazikwa. Mungu anisamehe.

Siku hizi naishi Morogoro mjini. Mwanangu amejaza spika chumbani, anatengeneza midundo. Nikimgombeza kwamba ananipigia kelele, hucheka: "Mama, huu muziki. Tena ni sanaa kabisa." Sina elimu ya kubishana naye. Kelele naijua. Muziki nausikia hata kwenye mchi wa jirani. Hilo la tatu, sanaa, ndilo linalonitoa machozi kwenye mswala, maana aliyetambua vinu vya bonde zima, angeshindwaje kujua kwamba kinu cha mama yake kina kanga ndani?

Alijua. Akanywa.

Na Bibi, nilipomfikishia yale maneno, aliuegemeza mchi ukutani. Akaitoa kanga kinuni, akaikung'uta kama yenye unga, akajifunika nayo uso.