Vipande vya Saroléa

Amuri Feruzi alinawa mikono kabla ya kugusa pikipiki yake. Mafundi wote niliowajua Kisangani walinawa baada ya kazi. Yeye alinawa kabla, kwa kipande cha sabuni, mpaka viwikoni, kama mtu anayejiandaa kwa sala. Nilikuwa jirani yake katika mtaa wa Kabondo kwa miaka kumi na sita, ua wa mianzi tu ukitutenganisha, na sikumwona hata siku moja akiigusa kwa mkono mchafu. Naliandika hili kwanza ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani, kabla sijafika kwa wale wengine, ambao hata kuandika majina yao kunanichefua.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Saroléa ya mwaka 1951, ya silinda moja, iliyokuja kutoka Ubelgiji kwa meli na kuupanda mto kwa boti mpaka kwetu. Tangi lake lilikuwa jekundu lililokolea, lenye mistari miwili ya rangi ya dhahabu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mbelgiji wa mashamba ya kahawa kwenye barabara ya Banalia, na Amuri alikuwa fundi wake. Mwaka wa uhuru Mbelgiji aliondoka mbio, akamwachia pikipiki badala ya mishahara ya miezi aliyomnyima. Zamani mapadri na maofisa walikuwa nazo kadhaa. Kufikia wakati ninaousimulia, mjini kote nilijua hiyo moja tu.

Aliiokoa mara mbili. Katika vita vya sitini na nne aliifukia kwenye maganda ya kahawa. Mwaka wa sitini na saba, mji ulipojaa tena watu wenye bunduki, aliivua magurudumu na kuwaambia ni mashine ya kusagia mihogo, imekufa. Wakaipiga teke na kwenda zao.

Mwaka wa sabini na moja nilitumwa Banalia kusimamia mitihani, na Amuri akanibeba. Hakupiga kikanyagio kwa hasira kama vijana wa leo na pikipiki zao za Kijapani. Alikisukuma polepole kwa mguu, akiitafuta pistoni ilipo, akavuta kishikizo kidogo kando ya usukani, kisha akakanyaga mara moja. Ilinguruma kwa sauti nzito, kama mtu mnene anayecheka peke yake. Tulipita udongo mwekundu na madaraja ya magogo. Kila kwenye kona mimi niliinama upande usiofaa.

"Mwalimu, usikatale kona," alinipigia kelele bila kugeuka. "Weye ukiogopa, yeye anajua!"

Kwenye kivuko watu walimwita Papa Sarolé, na mwenye kivuko akamtanguliza mbele ya malori mawili. Sijawahi kumwona mtu mzima mwenye furaha safi kama ile, furaha isiyomdhulumu mtu yeyote. Ndiyo maana yaliyofuata yananiudhi mpaka leo.

Mwaka wa sabini na nne tulipata mkuu mpya wa mtaa. Ilikuwa ile miezi ambapo maduka ya wageni yaligawiwa watu wetu, na wengi wakajifunza kutazama kitu cha mwenzao kana kwamba karatasi ya kukichukua wanayo mfukoni tayari. Jumamosi moja, baada ya Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, tukiwa bado na majembe mikononi, mkuu aliingia uani kwa Amuri na kuizunguka Saroléa mara tatu.

"Citoyen Amuri, kitu kama hii iko ya défilé, ya gwaride. Inafaa mutu anayetangulia mbele."

"Iko muzee, mukubwa. Inatoa moshi tu."

"Moshi haina neno. Keshokutwa nitatuma batu bataichukua."

Jumapili asubuhi, watu wakiwa misani, Amuri alinawa mikono na kuifungua yote. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, vipande vimepangwa kandokando yake.

"Mutu akikuta injini peke yake ataona chuma," alinieleza. "Akikuta tangi ataona debe. Pikipiki haionekane mpaka bipande biko pamoja. Siku ule mukubwa ataenda, nitaipanda tena. Nakuambia, Mwalimu, nitaipanda tena."

Fremu pamoja na usukani na magurudumu alimpelekea mvuvi mmoja wa Wagenia, rafiki yake. Tangi alimpa Berthe, mjane wa mtaa wa Tshopo ambaye marehemu mumewe alifanya kazi naye kwenye kahawa. Injini, ambayo ndiyo roho ya kitu, alimpa Yakubu, mume wa dada yake Zaina, mtu wa msikiti, wa safu ya mbele.

Nilimshauri aandike karatasi na kila mmoja atie sahihi. Alinitazama kwa huruma.

"Karatasi ni ya batu basioaminiana. Hii ni amana."

Kwa watu wa kwao Maniema, amana haiguswi hata kwa njaa. Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo lililomponza: aliyeweka amana haendi kuulizia. Kuuliza "kitu changu kipo?" ni kumwita mwenzako mwizi mlangoni pake. Unanyamaza mpaka siku ya kukichukua. Basi alinyamaza.

Watu wa mkuu walipokuja, alisema ameiuza kwa mfanyabiashara wa Isiro. Walimlazimisha kufagia ua wa ofisi siku nne, wakitumaini atakumbuka vizuri zaidi. Hakukumbuka. Miaka mitatu alitembea kwa miguu, na kila alipopita kwa Yakubu aliulizia watoto, aliulizia malaria ya Zaina, injini hakuitaja.

Mwaka wa sabini na saba mkuu yule alihamishwa. Asubuhi iliyofuata Amuri alisimama kwenye ua wa mianzi, maji yakimdondoka viwikoni.

"Ameenda, Mwalimu. Tuende tukalete."

Tulianza Wagenia. Mvuvi yule alibatizwa Zéphirin. Jina hilo, kama majina yote ya Kikristo, serikali ilikuwa imelipiga marufuku miaka ile, lakini mkewe hakumwita lingine. Nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja, na fremu ilining'inia kwenye paa, juu ya moshi wa samaki, imefungwa kwa nyavu kuukuu. Ilimetameta kwa mawese.

"Panya balikula mawese mara mbili," Zéphirin alisema, kama anayeomba radhi. "Nilipaka tena."

"Miaka tatu!" mkewe alidakia. "Miaka tatu anapakala chuma mafuta, na mie ngozi inakauka! Papa Amuri, chukua bibi yako ule, nipate bwana yangu."

Tulicheka sana. Magurudumu yalikuwa chini ya kitanda. Mtu huyo alibeba samaki kichwani kila siku mpaka sokoni, na hakuwahi kuwaza kwamba magurudumu yale yangeweza kusukuma mkokoteni. Namtaja kwa heshima, kwa sababu baada yake sina wa kumheshimu.

Kwa Berthe tulilikuta tangi juu ya moto. Ndiyo, juu ya moto. Bomba la shaba lilitoka kwenye mdomo wake na kupita ndani ya beseni la maji, na mwishoni lotoko, ile pombe kali ya mahindi, ilidondoka chupani. Rangi nyekundu ilikuwa imeungua, mistari ya dhahabu haikuonekana tena. Harufu ya mahindi yaliyochacha ilijaa ua mzima.

"Papa Amuri, usikasirike," Berthe alisema bila kuinuka. "Iko nzima. Haivuji hata. Debe zangu zote zilitoboka, hii ni ya nguvu. Ngoja imalize kutoka, nitakupatia."

Amuri alingoja. Alikaa kwenye kigogo, akaisubiri pombe imalizike kutoka kwenye tangi lake, yeye asiyekunywa.

Hapa sina budi kusema jambo linalonichukiza juu yangu mwenyewe. Mimi nililiona tangi lile kwenye moto nusu mwaka kabla. Sikumwambia Amuri, maana angeniuliza mwalimu alikuwa akitafuta nini kwa muuza lotoko, na jibu nilikuwa nalo. Nilichagua jina langu zuri.

Yakubu tulimkuta mlangoni anatungoja. Habari zilikuwa zimetutangulia. Alimkumbatia Amuri, akatuketisha mkekani, na kabla hatujatamka neno Zaina alileta wali wa mafuta na kuku mzima. Niliona macho ya Zaina hayainuki. Aliweka sufuria mbele yetu, nzito, mpya, ya alumini, akatoka haraka.

"Kwanza chakula," alisema Yakubu. "Mambo yanangoja."

Tulikula. Yakubu alimsukumia shemeji yake mapaja ya kuku, akamsifia mama yao marehemu, akauliza mara mbili kama chumvi inatosha.

"Shemeji, umeshiba?"

"Nimeshiba, alhamdulillahi."

"Bon." Yakubu alijifuta mdomo. "Donc tunaongea sasa kama ndugu walioshiba. Ile injini... usiitafute mbali. Umetoka kula ndani yake."

Amuri hakuelewa. Mimi nilielewa, nikaitazama sufuria.

"Bale banaoyeyusha alumini kule Mangobo," Yakubu aliendelea kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa. "Ganda ya injini ilitoa sufuria mbili za muzuri. Ile ingine iko jikoni. Vyuma vya ndani nilivitupa, vilikuwa na kutu. Ah, shemeji, nilifanya nini? Nilisikia tangi ya kwa Berthe iko inapika lotoko. Nikajiuliza: injini bila tangi itaenda wapi? Kipande moja haina mwenyewe. Na sasa si umekula? Mutu wa nje hakukula. Imebaki mu famille."

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko. Sikutapika kwa sababu ya kuku. Ndani nilimsikia Yakubu akicheka: "Mwalimu hana tumbo ya pilipili! Diplome yote ile!"

Hicho ndicho ninachokichukia kuliko wizi wenyewe. Mwizi anayeiba na kukimbia walau anajua ameiba. Huyu alipika. Alijua kwamba katika desturi zao mtu aliyekula kwako na kumshukuru Mungu hakushitaki tena kwa wazee siku ile, na asiposhitaki siku ile, kesho wazee watamwuliza kwa nini alikula. Alichukua desturi ya ukarimu, akaitumia kama kitambaa cha kufutia mikono. Na wala hakuona aibu, alijiona mwerevu.

Niliporudi ndani Amuri alikuwa ananawa. Alinawa, akasugua, akaomba maji mengine, akanawa tena. Zaina alimmiminia huku akilia.

"Yaya, mie nilikatala," alimnong'oneza kaka yake.

"Najua. Mimina."

Njiani nilimhimiza twende kwa wazee wa msikiti jioni ileile.

"Nitasema nini, Mwalimu? Nilisema alhamdulillahi kwa mdomo wangu."

Kwa wiki nzima hakutoka uani. Kisha Zéphirin alikuja na mawese na kamba, na wale wawili wakaifunga Saroléa: fremu, magurudumu, usukani, tangi lililoungua. Katikati, mahali pa injini, palikuwa wazi. Ungeweza kupitisha kichwa cha mbuzi. Waliisukuma mpaka mahali barabara inapoanza kuteremka kuelekea daraja la Tshopo.

"Unafanya nini, Papa Amuri?" niliuliza.

"Nilisema nitaipanda tena."

Watu walikuwa wamejaa, wanawake wa sokoni, wanafunzi, wapita njia. Wengine walicheka: "Papa Sarolé, weka mafuta!" "Aweke lotoko, tangi inajua njia!" Amuri alinawa kwa maji ya chupa, akapanda, akaachia breki. Haikutoa sauti ila ya matairi kwenye changarawe na upepo. Iliteremka, ikashika kasi, na kwenye kona aliinama upande unaofaa, mgongo umenyooka, kama siku ile ya Banalia. Watu waliacha kucheka. Ilivuka mwanzo wa daraja, ikapungua, ikasimama.

Hakuna barabara ya kuteremka upande wa kurudi. Ilibidi isukumwe mlima wote.

Tulipofika chini, Yakubu alikuwa ametutangulia, amekunja mikono ya kanzu, anatabasamu kwa ajili ya watu wote. Aliunyoosha mkono kuelekea kiti cha nyuma.

"Shemeji, leta tusukume. Si iko ya famille?"

Amuri hakupandisha sauti.

"Enda unawe kwanza."

Yakubu alicheka, akageuka huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata hata mmoja. Mwanamke mmoja mwenye kapu la pondu, majani ya mihogo, alimwonyesha mtoni kwa kidevu. Yakubu aliteremsha mikono ya kanzu yake na kushika njia ya mjini, na mbele ya macho yangu hakugusa maji.

Zéphirin alikuwa tayari ameshika gurudumu. Nami nilikuwa nimenyoosha mkono kuelekea fremu, nikaurudisha. Niliteremka mpaka kwenye mawe ya mtoni, nikanawa mpaka viwikoni, ndipo nikapanda kwenda kuwasaidia kusukuma.