Diski Iliyogoma Kufungwa

Mimi ni mkalimani. Ninakaa Hagsätra, kule treni inakoishia, na kazi yangu ni kukaa katikati ya watu wasioelewana: daktari na mgonjwa, mwalimu na mzazi, karani na mtu aliyeitwa ofisini bila kujua ameitiwa nini. Nilizaliwa Burundi, nikakulia Kigoma, na Kiswahili nilichokuja nacho Uswidi kimekaa na cha Wakongo na cha Wakenya miaka mingi hivi kwamba siku nyingine sijui neno fulani nimelitoa kwa nani. Hilo halinisumbui. Kilichonisumbua majira yale ya baridi ni sentensi moja fupi ya Kiswidi, ambayo kila neno lake nililijua na yenyewe sikuielewa.

Kampuni inayonipa kazi ilitutaarifu kwamba tutaanza kutafsiri kwa video tukiwa nyumbani, na kwa kuwa tumeapa kutunza siri za watu, kila mmoja lazima asasishe mfumo wa kompyuta yake kisha aifunge diski kwa msimbo. Sikujua diski inafungwaje. Niliwauliza, wakanieleza kwamba kila kilichomo ndani kitageuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka, na atakayeiba kompyuta hataona kitu. Nikauliza, na mimi je? Wakasema mimi nitaona kama kawaida, mradi nisisahau nywila. Nikasema sawa. Sikuelewa kitu kinawezaje kusomeka na kutosomeka kwa wakati mmoja, ila niliona aibu kuuliza tena.

Jumamosi nilikaa mezani jikoni nikasasisha mfumo. Hilo lilikwenda vizuri. Baada ya hapo nikabonyeza pale pa kufunga diski, na kimstari cha bluu kikaanza kujaa polepole kutoka kushoto. Nikapika maharage, nikapiga pasi. Niliporudi kimstari kilikuwa kimepita nusu, kimesimama, na chini yake pameandikwa: kazi imesitishwa, inasubiri kuunganishwa na umeme.

Nilitazama waya. Ulikuwa kwenye kompyuta, na ncha ya pili ilikuwa ukutani. Niliuchomoa nikauchomeka tena. Nikahamia soketi ya karibu na jiko, kisha ya sebuleni, kisha ya chumbani, nikiwa nimeikumbatia kompyuta kama mtoto mgonjwa. Kila mahali taa ndogo ya chaji iliwaka, na kila mahali maneno yalibaki yale yale. Nikajiuliza kama neno "kuunganishwa" lina maana nyingine kwa watu wa kompyuta. Nikalitafuta kwenye kamusi zangu za kazi. Halikuwa na maana nyingine.

Nikaamua kuachana nalo. Nikabonyeza pale pa kufungua, ili diski irudi ilivyokuwa. Kompyuta ikanijibu kwamba haiwezi kufungua kitu ambacho bado inakifunga, nisubiri imalize. Basi haikuweza kuendelea wala kurudi. Nikaogopa hata kuizima. Nilifikiri, kama nusu ya vitu vyangu imegeuzwa na nusu haijageuzwa, nikizima sasa, kitakachowaka kesho ni nini?

Nikapiga simu kampuni. Kijana wa huduma alikuwa mpole sana. Aliniambia kompyuta ni mali yangu binafsi, kwa hiyo wao hawawezi kuigusa, ila nisianze kazi kabla diski haijafungwa. Nilimshukuru. Nilipokata simu nilibaki nimeishika, nikijiuliza nimemshukuru kwa lipi.

Jumapili baada ya ibada nilimwendea jirani yangu, Mkongo wa Lubumbashi anayepiga kinanda kanisani kwetu na kuangalia mambo ya vipaza sauti. Alikuja na mke wake, wakala yale maharage, kisha akaivuta kompyuta karibu, akabonyeza hapa na pale, akaguna.

"Dada, hii disque imejaa," alisema. "Haina fasi ya kugeukia. Tutoshe vitu, itapumua."

Maneno yake yalikuwa ya kwanza kueleweka tangu jana, nikayaamini kwa sababu hiyo tu. Tukaanza kutoa. Zilikwenda video za kwaya, zikaenda picha za harusi za watu ambao wengine wameshaachana. Mke wake alikuwa akicheka kila harusi moja inapofutwa. Tukafika kwenye faili moja ambalo halina jina, lina tarehe tu, na ndani yake sauti nyingi fupi fupi. Jirani akauliza kama nalo liende.

"Hilo liache," nikasema.

Akaliruka, akaendelea na mengine. Tulipomaliza diski ilikuwa na nafasi kubwa, na kimstari cha bluu hakikusogea hata kidogo. Jirani aliirudisha kompyuta upande wangu. Akasema kwamba yeye kwa kweli anajua vipaza sauti, kompyuta anazijua kwa kuzisikia. Aliniomba radhi kwa harusi za watu.

Walipoondoka nilimpigia binti yangu. Anafanya kazi kiwanda cha dawa huko Södertälje, na amezaliwa hapa hapa. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiswidi, na hivyo ndivyo tumeishi. Nilimweleza yote. Aliniuliza maswali mengi ambayo sikuweza kuyajibu, kisha akasema anakuja, nisiguse kitu. Alishuka treni Älvsjö akapanda basi, akaingia na theluji kwenye viatu, na kabla hajavua koti alishika ule waya wa chaji akaugeuza.

"Mama, hii ni yangu," alisema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, labda kwa kushangaa.

Ilikuwa kweli ya kwake. Alipokuja Krismasi alikuwa amechukua chaji yangu akaniachia ya simu yake, maana ncha zake zinafanana kabisa. Ile yake ilikuwa na nguvu ndogo; iliweza kuiweka kompyuta hai, lakini si kiasi cha kompyuta kukubali kwamba iko kwenye umeme. Niliisikiliza habari hiyo mara mbili. Taa ilikuwa inawaka, umeme ulikuwa unaingia, na bado mashine ilihesabu kwamba haujaingia. Nilimuuliza kwa nini basi haikuandika kwamba chaji ni ndogo. Akainua mabega.

Alitoa chaji yangu kwenye mkoba, tukaichomeka. Maneno yakafutika, kimstari kikaanza kutembea. Nikampikia chai. Tulikuwa bado tunakunywa kiliposimama tena, mbele kidogo tu ya pale pa mwanzo. Safari hii hakikuandika kitu chochote. Kilisimama tu.

Sasa hata yeye alichanganyikiwa. Nilimwona akisoma kwenye simu yake, akisogeza, akirudi nyuma, midomo ikitembea bila sauti kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Mwishowe aliuliza kama kuna kitu ndani ambacho siwezi kukipoteza, ili tukinakili kwanza kwenye flashi kabla ya kujaribu lolote.

Nilisema ni sauti za bibi yake.

Hakuwa akijua kama zipo. Mama yangu alikaa Kigoma mpaka alipofariki, na miaka ya mwisho alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti, maana kuandika kulimchosha macho. Nilikuwa nikimsikiliza kwenye treni nikienda kazini, leo mtaa wa Akalla, kesho upande mwingine wa mji, nikimjibu harakaharaka kabla sijashuka. Simu yangu ya wakati ule ilipoanza kufa nilizihamishia sauti zake kwenye kompyuta. Baada ya hapo sikuzifungua tena. Binti yangu aliuliza ni kwa nini sikumwambia. Nilimjibu kwamba hakuwahi kuuliza, halafu nikaona jibu hilo halina maana, maana mtu anaulizaje kitu asichojua kipo?

Alichomeka flashi tukaanza kunakili. Sauti za mwanzo zilikwenda moja baada ya nyingine. Tulipofika karibu na mwisho, moja ikakataa. Alijaribu tena, ikakataa. Akairuka, zilizobaki zikapita. Akarudi kwenye ile moja, ikakataa.

Hapo akakaa wima. Alinieleza taratibu, na kwa mara ya kwanza nilielewa kidogo. Mahali fulani kwenye diski palikuwa pameharibika, labda tangu zamani bila mtu kujua, kwa sababu hakuna aliyepagusa. Sasa kompyuta, ili iifunge diski, ilikuwa lazima isome kila kitu kilichomo, na ilipofika pale ilishindwa kusoma, ikasimama. Ilikuwa inajaribu kusoma sauti ya mama yangu, haiwezi, na haijui kuiacha.

"Kwa hiyo tatizo si chaji," nilisema.

Akasema chaji nayo ilikuwa tatizo.

"Na kujaa?"

Akasema hajui, pengine hata kujaa kulichangia. Hilo lilinichosha kuliko yote. Nilitaka tatizo moja.

Aliizima kompyuta, na mimi nikatoka jikoni ili nisione. Aliiwasha kwa njia maalumu ya matengenezo, kwa kubonyeza vitufe kadhaa pamoja, akaiamuru ikague diski na kuirekebisha. Ilikaa muda mrefu ikiandika mistari midogo midogo. Nilikwenda dirishani. Nje giza lilikuwa limeshaingia, japokuwa ilikuwa bado alasiri, na watu walikuwa wakitoka kituoni na mifuko ya vyakula. Aliponiita, kompyuta ilikuwa imewaka kama kawaida na kile kimstari kilikuwa kinatembea. Kilipita pale pa mwanzo, kikapita pa pili, kikaenda.

Tukafungua faili la sauti. Ile iliyokataa ilikuwepo bado kwa tarehe yake, lakini ilikuwa tupu. Urefu wake, sifuri.

Binti yangu alisema pole. Kisha akauliza kama anaweza kusikiliza zile nyingine.

Sikuwa tayari, ila sikuwa na sababu ya kumkatalia. Tukasikiliza. Mama alikuwa na Kiswahili cha Kigoma kilichojaa Kirundi, na alisema kwa kasi, na nyuma yake kulikuwa na kuku na watu wanaosalimia. Binti yangu alishika neno hapa na neno pale, akaniomba nimtafsirie. Nimewatafsiria watu nisiowajua habari za saratani na za talaka bila sauti kutikisika. Nilipoanza kumtafsiria mama yangu kwa Kiswidi, ilibidi nisimamishe nianze upya. Alikuwa anauliza tu kama nguo nilizonunua zinazuia baridi. Alikuwa anasema jirani amefuga mbuzi asiye na adabu. Alimsalimia mjukuu wake, akamwambia ale ashibe, na binti yangu akaomba pale parudiwe.

Tukafika karibu na mwisho, tukaiona ile tupu, tukairuka, tukafungua iliyoifuata. Mama alisalimia kama kawaida. Kisha akasema:

"Lile neno nililokuambia juzi, mwanangu, liache. Usilibebe. Limeshakwisha."

Halafu akaendelea na habari za mvua.

Binti yangu alinigeukia. "Neno gani?" aliuliza.

Nilisema sijui. Aliniambia nifikiri vizuri, maana niliwahi kulisikia, na bila shaka nilimjibu. Nilifikiri. Nilijiona kwenye treni ya wakati ule, simu sikioni, macho kwenye majina ya vituo. Nilikumbuka hata koti nililovaa. Maneno yenyewe sikuyakumbuka. Na majibu yangu sikuyahifadhi, nilihifadhi ya kwake tu. Binti yangu alisema tubahatishe kwa kutazama yaliyotangulia na yaliyofuata. Nikamwambia mkalimani haruhusiwi kujaza asichokisikia. Alisema hapa hakuna mahakama, mama. Alisema kweli, lakini sikuweza.

Alirudi Södertälje usiku haujaingia sana, akiwa na nakala ya sauti zile kwenye flashi. Asubuhi kompyuta iliandika kwamba diski imefungwa yote. Niliifungua kwa nywila, kila kitu kikaonekana kama zamani, na mpaka leo sijui tofauti yake ni ipi. Wiki ile nilianza kazi ya video.

Jumatatu jioni nilimpigia mdogo wangu Kigoma, aliyekaa na mama mpaka mwisho. Nilimsimulia, nikamwekea ile sauti kwenye simu. Akaniomba niirudie. Akasema labda ni mambo ya mguu wake, ulimsumbua kipindi kile halafu ukaacha. Au ule ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Au labda ni siku ile alipoota mimi nimerudi, akaamka akaandaa chumba, na yeye mdogo wangu akamgombeza.

"Hilo hukuniambia," nilisema.

"Nilijua mama amekuambia," alijibu.

Kisha akaniuliza kama kompyuta imepona. Nikamwambia imepona.