Waliomwitikia Babu

Mnaosema nimetunga, njooni Karatu niwaoneshe chumba chenyewe cha kurekodia. Kuta nimezipiga trei za mayai kuzuia mwangwi, mlango unatazama barabara ya kwenda lango la Ngorongoro. Niliacha shule wazazi walipofariki, nikalea wadogo zangu, na kazi hii nimejifunza kwa kukosea. Sina sababu ya kudanganya mtu.

Tuna podikasti ya mazungumzo na wazee. Mdogo wangu Paulina ndiye anayehoji. Mimi nasawazisha sauti. Mzee anayenong'ona nampandisha, Paulina anayecheka kama anaita ng'ombe walioko Baray nampunguza, ili madereva wa watalii wanaotusikiliza wasihangaike kuongeza na kupunguza njia nzima.

Mchana mmoja wa ukungu aliingia babu mwenye blanketi, akasema ametoka Endabash kwa miguu. Nje tope jekundu lilikuwa linafika vifundoni. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Niliona, niaminini, nikajiambia labda kapewa lifti.

Alitaka kutoa sala ya baraka ya Wairaqw. Kama huijui, sala hiyo si ya mtu mmoja: mzee anasema, anatulia, waliopo wanaitikia kwa pamoja, anaendelea.

"Wa kuniitikia wako wapi?" aliuliza.

"Babu, wewe sema tu," Paulina akamjibu. "Wataitikia huko kwenye magari."

Babu akacheka. "Haya, mjukuu wangu. Wataitikia."

Akasema sala yote, akitulia kila palipotakiwa kuitikiwa. Sisi tukanyamaza tusiharibu rekodi. Fikiria: Wairaqw wawili wamekaa, mzee anaomba, hakuna anayemwitikia!

Paulina akatoka kumenya viazi mlangoni. Babu akabaki na chai yake. Nikavaa hedifoni nianze kusawazisha. Programu yangu hupandisha kila kilicho chini, hata pumzi. Ilipozipandisha zile nafasi za kimya, nikasikia watu. Wengi, wake kwa waume, wakimwitikia babu kwa Kiiraqw. Tulirekodi tukiwa watatu tu, sasa hao walikuwa nani?

Katika nafasi ya mwisho mwanamke mmoja akaniita kwa jina la utotoni ambalo mama peke yake alilitumia. Ilikuwa sauti yake, na kale kakikohozi kake.

"Mwitikie," babu alisema. Sikuwa nimemwambia nilichosikia. "Ukimwitikia utakwenda kwake, upumzike. Umebeba mzigo tangu ukiwa mtoto."

Nikwambie kweli, mdomo ulishafunguka. Ndipo nikamsikia Paulina nje akimtania muuza mkaa: "Kaka, huu ni mkaa au umetuletea udongo?" Nikavua hedifoni.

"Siitiki, babu. Nina wadogo zangu."

"Unamkatalia mama yako?"

"Kama ni mama, anajua kwa nini."

Alinitazama, akainuka, akatoka. Paulina alikuwa amekaa pale pale kizingitini na beseni lake. Anaapa mpaka leo kwamba hakuna aliyempita. Na kwenye ile rekodi sauti ya babu haimo tena. Waliomwitikia wamo, wanaitikia ukimya.

Tangu hapo, nikipandisha ukimya wa rekodi yoyote, naitwa. Majirani walinishauri nifunge chumba, mchungaji akasema niuze vyombo vya kurekodia. Sifungi, siuzi. Wadogo zangu wanasoma kwa kazi hii. Walioko huko watangoja. Nitakwenda zamu yangu ikifika, siendi kwa kuitwa kwenye hedifoni.

Nawe unayerekodi, hasa huku kwetu, usipandishe kila ukimya. Ukilisikia jina lako, lia kama machozi yanakuja, hata mimi nililia. Lakini funga mdomo, toka nje, umwite kwa nguvu mtu aliye hai nyumbani kwako, na usiache kumwita mpaka akujibu.