Mume Wangu Koneksheni

Huku kwetu Kimbo ni wachache wanaomwita mume wangu Githae. Wanamwita Koneksheni. Hata pasta, siku moja akiomba, ulimi ulimteleza: "Na umbariki ndugu yetu Koneksheni." Kanisa lote likasema amina bila hata mtu mmoja kucheka.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, lakini tumeshalifanya letu. Ukivutiwa stima nyumbani, hiyo ni koneksheni. Ukiletewa maji, ni koneksheni. Lakini ukimsikia mama akisema kwa sauti ya chini, "Yule ana koneksheni," ujue hazungumzii mabomba. Anasema kuna mtu mahali ambaye akinong'ona, mlango unafunguka. Mtoto akipata kazi huku, hakuna anayeuliza alisomea nini. Wanauliza, "Alikuwa na nani huko ndani?" Ukijibu hakuwa na mtu, wanakuangalia tu na kusema una roho mbaya, unaficha.

Sasa mume wangu ni mpishi. Anapika kwenye kantini ya kiwanda kimoja cha biskuti huko Thika, na wakubwa wanakula hapo hapo na wafanyakazi. Basi, ni hayo tu. Meneja akimaliza sahani ya matumbo anamwambia, "Githae, leo umetuweza," halafu anarudi ofisini. Lakini kwa watu wa Kimbo, anayemlisha bosi amemshika bosi tumbo, na ukishika tumbo la mtu umemshika mzima.

Ubaya wa Githae, na nimemwambia tangu anioe, ni kwamba hajui kusema hapana. Mtu akimletea bahasha ya vyeti, "Baba Nyawira, tafadhali muangalie kijana wangu," yeye anajibu, "Nitaona." Wewe na mimi tunajua maana ya nitaona. Maana yake ni nenda nyumbani usahau. Lakini Githae analisema kwa upole, kichwa ameinamisha, bahasha ameishika kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto mchanga. Mtu anaondoka akiamini kazi imeshapatikana.

Hivyo ndivyo alivyokuja Gathoni, jirani yetu wa ploti ya nyuma, mjane mwenye mtoto mmoja tu, Lenny. Kijana alikuwa amesomea ufundi wa mitambo na amekaa nyumbani hadi amekonda. Githae akapokea vyeti, akasema nitaona. Baada ya muda Lenny akaitwa kazini. Jioni hiyo, kabla mume wangu hajavua viatu, Gathoni alikuwa mlangoni na jogoo kwapani, analia na kupiga vigelegele kwa wakati mmoja. "Mungu akuzidishie! Wewe ndiwe koneksheni yetu!" Jina likaanzia pale. Na mimi je? Nilipiga vigelegele kumshinda. Pale soko la Ruiru ninapouza nguo za watoto, walianza kunisogezea kiti. Nitasema uongo nikisema sikufurahia.

Miaka ikaenda. Kila Krismasi Gathoni anatuletea kuku, na sisi tunakula. Lenny amekuwa mtu mzima mwenye mke, fundi ambaye mashine ikigoma huko kiwandani ndiye wanayemkimbilia. Ni mpole, mpole hadi inakasirisha. Akimwona Githae barabarani anasimama kando kana kwamba maiti inapita.

Mwaka huu mkubwa wa mafundi akatangaza anastaafu, na nafasi yake ikabandikwa ukutani. Kila mtu akasema hiyo ni ya Lenny. Lenny akakataa kuiomba. Jumamosi moja Gathoni akanikuta mlangoni nikimenya viazi, Githae ameketi kando yangu na redio yake, na mama wa watu akaanza kulia bila hata kusalimia.

"Ati yeye aliingizwa na mtu," akasema. "Ati aliyeingizwa hawezi kujipeleka mbele ya walioingia kwa nguvu zao. Anasema wakubwa watafikiri Koneksheni amemtuma tena, na atakuaibisha. Baba Nyawira, maombi yanafungwa Jumatatu. Ongea na bosi wako mara moja tu, kama ile siku."

Githae akazima redio. "Nitaona," akasema.

Gathoni alipoondoka nikamwambia mume wangu, "Jumatatu asubuhi, kabla meneja hajanywa chai, mwambie."

"Mama Nyawira," akasema, "mimi sijawahi kuongea na meneja kuhusu mtu yeyote."

Kisu kiliniponyoka. "Na Lenny?"

"Lenny aliingia mwenyewe. Zile bahasha mimi huwa napeleka kwa karani kama mtu mwingine yeyote. Majina yalipobandikwa getini, nilisoma nikamuuliza askari kama huyu Lenny ni wa kwetu. Nilikuja mbio nimpe mama yake pole... hapana, hongera. Kabla sijavua viatu, akawa ashafika na jogoo."

"Na ukanyamaza!"

"Alikuwa analia. Ningeanzia wapi?"

Ngai! Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mume wangu ilikuwa ndefu kama Thika Road. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimwambia kijana wa watu anaketi chini wakati kiti chake kiko wazi, kwa sababu mzee mmoja anapenda kuitwa jina. Baadaye nikamwona akijipangusa macho kwa ukingo wa shati, nikajua nimemfikia.

"Wakijua, nitabaki mpishi tu," akasema.

"Wewe ni mpishi," nikamwambia. "Tena mzuri. Kesho tukitoka kanisani tunaenda kwa Gathoni."

Tukaenda. Tulimkuta Lenny uani akifunga bawaba ya mlango, akasimama haraka kuleta viti. Githae alikataa kukaa. Akasema yote kwa pumzi moja, tangu bahasha hadi jogoo. Gathoni akacheka. "Muone anavyojinyenyekeza! Watu wenye koneksheni hawajisifu."

"Mama Lenny, nakuapia," akasema Githae. "Sikusema neno. Sikumjua hata aliyewachagua. Nimekula kuku zako bure."

Gathoni akanigeukia mimi, akaona uso wangu, akaacha kucheka.

Lenny alikuwa bado ameshika bisibisi. "Hukuongea na meneja?"

"Hapana."

"Hata na karani?"

"Nilimpa bahasha. Hata hakuiangalia mbele yangu."

"Kwa hivyo ni nani aliniingiza?"

"Hakuna," akasema Githae. "Walikujaribu na mashine, si ndiyo? Ukaitengeneza. Wakakuchukua."

Lenny akakaa kwenye kile kiti alichomletea mgeni. Nilifikiri atatutukana, na haki angekuwa nayo. Aliangalia mikono yake, akasema taratibu, "Mzee, mimi hufika kazini kabla ya askari wa mchana. Sijawahi kukosa, hata nikiwa na homa. Sikukuu nafanya. Wakiniruka kwenye nyongeza ya mshahara nanyamaza. Yote ni usije ukaambiwa, huyu mtu wako ni mtu gani."

Gathoni akaanza kulia tena. Na Lenny, aki ya Mungu, akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika tumbo, mke wake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. "Mama watoto," akamwambia, "ile kazi ni yangu! Tangu siku ya kwanza ni yangu!" Tukanywa chai. Jumatatu karatasi zake zilikuwa ofisini, na sasa tunangoja majibu.

Kimbo bado hawajakubali. Wengi wanasema Koneksheni amegeuka mchoyo, na bahasha zimepungua mlangoni. Nilidhani mume wangu atanuna. Lakini jana aliingia nyumbani akitabasamu peke yake, akaweka kofia mezani, hata hakunisalimia.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Leo mchana Lenny amekuja hadi dirisha la kantini, watu wote wamepanga laini wanasikia," akasema. "Ameniambia maharagwe yangu hayana chumvi."

"Na ilikuwa kweli?"

"Kweli kabisa," akasema Githae, na akacheka kama mtu aliyetua mzigo.